Leseni ya kamari isipite mlango wa nyuma, wakazi wa Dodoma waulizwe kwanza

Sarafu ya shilingi 200 ikishaingia kwenye dubwi, hairudi kirahisi. Mashine yenyewe haina ukubwa wa kutisha. Ni kasha lenye taa za rangi, picha zinazozunguka na mlio unaosikika hadi kwa muuza chipsi wa jirani. Huwekwa chumba cha nyuma cha duka, pembeni ya meza ya puli, au kwenye kibanda chenye pazia mlangoni ili anayepita asione walioko ndani. Wanaoizunguka wengi ni vijana: dereva wa bodaboda ambaye hajatimiza hesabu ya tajiri wake, saidia fundi aliyetoka kulipwa ujira wa siku, mwanafunzi wa chuo aliyepokea boom, fedha yake ya kujikimu, asubuhi. Wakati mwingine yumo pia mtoto mwenye sare ya shule, ambaye sheria inamkataza kucheza kamari kabla hajafikisha miaka 18.

Wazazi wa mitaa ya mijini wanazijua mashine hizi kwa majina mengi: dubwi, bonanza, mashine za Wachina. Wanazijua pia kwa matokeo yake. Hela ya mboga inapungua, simu inawekwa rehani, marejesho ya kikoba yanachelewa, na mwishowe mtu anaingia kwenye mkopo wa kausha damu ili afukuzie alichopoteza. Wanapokwenda kulalamika ofisi ya serikali ya mtaa, jibu wanalokutana nalo mara nyingi ni fupi: mwenye mashine ana kibali kutoka juu.

Swali la makala haya linaanzia hapo. Kibali hicho kilipotolewa, aliyeulizwa ni nani? Iwe ni dubwi moja nyuma ya duka la Chang'ombe au kasino ya hoteli kubwa yenye zulia jekundu, hoja ni ileile. Ruhusa ya kuendesha kamari ni mali yenye thamani kubwa, na mali ya namna hiyo ikigawiwa mahali ambapo wananchi hawaoni, rushwa haikosi njia ya kuingilia.

Mji uliojaa ghafla

Dodoma ina sababu ya kulitazama jambo hili mapema. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ikakuta watu 765,179 katika Jiji. Katikati ya sensa hizo mbili, Serikali ilihamia kwa vitendo baada ya tamko la Rais John Magufuli la Julai 2016, manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji Aprili 26, 2018, na Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba. Mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa ikaanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam kwa saa chache.

Kila anayekaa hapa anajua maana yake. Bunge la bajeti likianza Aprili, vyumba vya kulala wageni vinajaa mpaka Juni. Mikutano ya wizara, semina za halmashauri na ziara za wajumbe zimeufanya mji huu kuwa kituo cha utalii wa mikutano. Upande wa kaskazini, michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, inangoja wageni wengi zaidi ya inaowapata sasa. Uwanja mkubwa wa ndege unajengwa Msalato.

Penye wageni wenye posho mfukoni pana biashara ya starehe. Hilo si kosa. Hoteli, migahawa, mvinyo wa zabibu zetu na muziki ni ajira. Lakini kamari hufuata njia hiyohiyo, na ina tabia yake: hujengwa kwa jina la mgeni, halafu baada ya muda ikaishi kwa hela ya mwenyeji. Mjumbe wa semina huondoka Ijumaa. Anayebaki na mashine Jumamosi hadi Alhamisi ni kijana wa Nkuhungu, wa Majengo na wa Kikuyu.

Hesabu isiyomwelekea mchezaji

Kabla ya kusema habari za siasa, ni vizuri kuielewa biashara yenyewe, kwa sababu wengi wanaamini kwamba ushindi ni suala la bahati au akili. Chukua gurudumu la ruleti, mchezo unaojulikana katika kasino dunia nzima. Lina namba 37, kuanzia sifuri hadi 36. Ukiweka shilingi 1,000 juu ya kila namba, utakuwa umetumia shilingi 37,000. Namba moja lazima itoke, nawe utalipwa mara 35 ya ulichoweka juu yake pamoja na kurudishiwa 1,000 yako, jumla shilingi 36,000. Umezikamata namba zote, umeshinda, na bado umepoteza shilingi 1,000. Hiyo elfu moja ndiyo biashara yenyewe. Haitegemei bahati ya siku wala ujanja wa mchezaji, imo ndani ya kanuni za mchezo.

Na hiyo ni katika michezo yenye makato madogo. Tuseme mashine ya mtaani imepangwa irudishe shilingi 80 katika kila 100. Kijana anaingia na shilingi 10,000. Anazicheza zote, kwa wastani anabaki na 8,000. Hizo akizicheza tena, zinabaki 6,400. Zamu ya tatu zinabaki 5,120, ya nne 4,096, na ya tano kama 3,277. Hakuna aliyemwibia. Kila baada ya muda mashine ilimpa kitu, taa zikawaka, wenzake wakamshangilia. Lakini theluthi mbili ya hela yake imekwenda, na saa haijaisha.

Kwa hiyo mwenye leseni ya kamari hahitaji kuwa mfanyabiashara hodari. Anachohitaji ni ruhusa, mahali pazuri na wachezaji wa kutosha. Ndiyo maana ruhusa yenyewe inagombaniwa. Anayeuza nguo za mtumba Sabasaba akihonga apate leseni, bado atashindana na wauzaji wengine mia. Anayepewa ruhusa ya kuendesha kasino peke yake katika eneo la kitalii amepewa mrija wa fedha usiokauka, na mtu wa namna hiyo yuko tayari kulipa sana ili aupate.

Mamilioni ya Transkei

Mfano ulio wazi zaidi barani kwetu unatoka kusini. Wakati wa ubaguzi wa rangi, sheria za Afrika Kusini zilipiga marufuku kasino. Wafanyabiashara wakaona mwanya katika yale maeneo ambayo makaburu waliyaita nchi huru za Waafrika, yaani bantustani. Mwaka 1979 Sol Kerzner alifungua Sun City katika Bophuthatswana. Mwaka 1981 ikafunguliwa Wild Coast Sun huko Transkei, kwenye pwani nzuri ya Bahari ya Hindi, karibu na mpaka wa Natal, ambako Wazungu wa Durban wangefika kwa gari wakacheze kamari waliyokatazwa nyumbani.

Ili hoteli, kasino na uwanja wa gofu vipate nafasi, jamii ya Mgungundlovu iliondolewa kwenye ardhi yake. Hawakuitiwa mkutano wa kukubali au kukataa. Baada ya ubaguzi kuanguka, wakazi hao walilazimika kuidai ardhi yao upya chini ya sheria ya mwaka 1994 ya kurudishia watu ardhi waliyonyang'anywa.

Kisha ikafuata hongo. Mwaka 1986 randi milioni mbili zililipwa kwa Waziri Mkuu wa Transkei, George Matanzima, kuhusiana na haki ya pekee ya kuendesha kamari katika eneo lake. Kerzner baadaye alikiri malipo hayo, akisema alibanwa atoe, na hakuwahi kutiwa hatiani. Matanzima aling'oka madarakani mwaka 1987. Aliyemfuatia, Stella Sigcau, alipinduliwa na Jenerali Bantu Holomisa mwishoni mwa Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1996 Holomisa alisimama mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano akaeleza kwamba sehemu ya fedha zile, randi 50,000, ilimfikia Sigcau, ambaye wakati huo alikuwa waziri katika serikali ya Nelson Mandela. Chama cha ANC kikamfukuza Holomisa.

Tazama urefu wa kamba hiyo. Leseni moja ya kasino iliwaondoa wanavijiji kwenye ardhi, ikamchafua waziri mkuu, na miaka 10 baadaye ikaleta mtafaruku ndani ya chama kilichopigania uhuru. Waliolipa gharama ya kwanza, watu wa Mgungundlovu, ndio waliokuwa wa mwisho kusikilizwa.

Hata walinzi walinunuliwa

Atakuwepo wa kusema kwamba hayo ni mambo ya bantustani, kwamba penye sheria nzuri hayatokei. Wamarekani walifikiri hivyo. Mwaka 1974 wapiga kura wa jimbo la New Jersey walikataa kasino. Mwaka 1976 wakaulizwa tena, safari hii kwa ahadi kwamba kasino zitakuwa katika mji mmoja tu, Atlantic City, mji wa kitalii wa pwani uliokuwa umechoka, na kwamba zingeufufua. Wakakubali. Kasino ya kwanza ilifunguliwa Mei 1978 chini ya tume maalumu ya usimamizi na sheria kali.

Haikupita miaka miwili. Mapema 1980 iligundulika kwamba maofisa wa upelelezi wa FBI, waliojifanya wawakilishi wa tajiri wa Kiarabu, walikuwa wamewanasa wanasiasa kadhaa kwenye mtego wa hongo. Mmoja wao, Angelo Errichetti, meya wa Camden na seneta wa jimbo, alijinadi kuwa angeweza kuwasaidia kupata leseni ya kasino. Alihukumiwa. Mwaka 1984 Meya wa Atlantic City mwenyewe, Michael Matthews, alikiri kosa la kujipatia fedha kwa kutumia ofisi yake, akafungwa.

Na ule ufufuo wa mji? Kwa muda fedha zilimiminika kweli. Majimbo ya jirani yalipofungua kasino zao, wageni wakapungua. Mwaka 2014 pekee kasino nne za Atlantic City zilifungwa na maelfu ya wafanyakazi wakaambiwa waende nyumbani. Mji uliotegemea mchezo mmoja ulijikuta hauna mwingine.

Yokohama walisema hapana

Upande wa matumaini, mfano mzuri uko Japani. Bunge la nchi hiyo lilihalalisha kasino katika miji ya kitalii kwa sheria za mwaka 2016 na 2018. Siku ya Krismasi ya 2019, mbunge Tsukasa Akimoto, aliyekuwa naibu waziri mwenye dhamana ya mpango huohuo wa kasino, alikamatwa kwa kupokea hongo kutoka kampuni ya Kichina iliyotaka leseni. Mahakama ya Tokyo ilimhukumu kifungo cha miaka minne mwaka 2021. Pamoja na hongo, alipatikana na kosa la kutaka kuwanunua mashahidi.

Wakati kesi hiyo ikiendelea, wakazi wa Yokohama walikuwa na vita yao. Meya wao, Fumiko Hayashi, alikuwa ametangaza Agosti 2019 kwamba jiji litaomba kasino kwenye eneo la bandari. Mzee Yukio Fujiki, kiongozi wa wafanyabiashara wa bandarini na mtu mwenye sauti kubwa katika siasa za mji, alisimama kupinga. Wananchi wakapita nyumba kwa nyumba kukusanya saini za kudai kura ya maoni, wakapata zaidi ya 190,000. Baraza la jiji likaikataa hoja yao Januari 2021.

Hawakuchoma tairi wala kufunga barabara. Walingoja Agosti, mwezi wa uchaguzi wa meya, wakamchagua Takeharu Yamanaka, aliyeahidi kuiondoa kasino. Mwezi uliofuata Yokohama ilijitoa rasmi. Katika visiwa vya utalii vya Penghu, Taiwan, wakazi waliulizwa kwa kura ya maoni mwaka 2009 na tena 2016, na mara zote mbili walikataa. Mara ya pili kura za hapana zilifika asilimia 81.

Tunayoyajua kwetu

Tusiitafute rushwa ya vibali ng'ambo pekee. Mwaka 1992 eneo la Loliondo, pembeni mwa Serengeti, lilitolewa kuwa kitalu cha uwindaji cha kampuni ya OBC ya afisa wa kijeshi kutoka Falme za Kiarabu. Wafugaji wa Kimasai walilalamika kwamba hawakushirikishwa. Mwandishi Stan Katabalo wa gazeti la Mfanyakazi aliichimba habari hiyo mpaka ikawa kashfa ya taifa, kabla ya kufariki dunia mwaka 1993. Kibali kilichotolewa juu ya vichwa vya watu hakikuleta utulivu. Juni 2022, miaka 30 baadaye, uwekaji wa mipaka ya kilomita za mraba 1,500 katika eneo hilohilo uligeuka makabiliano. Askari polisi aliuawa na wananchi wengi wakajeruhiwa.

Dodoma nayo ina kumbukumbu yake. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa mwaka 1973 ikawa mmiliki wa ardhi ya mji mzima. Wagogo waliokuwa na mashamba yao hapa kabla ya ramani yoyote walijikuta wapangaji, na waliopata viwanja walipewa hati za miaka 33 badala ya 99. Malalamiko ya kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili na mashamba kuchukuliwa bila fidia ya haki yaliendelea mpaka Rais Magufuli alipoivunja CDA Mei 15, 2017 na kuagiza hati hizo ziwe za miaka 99. Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa maana ya uamuzi mkubwa kufanywa ofisini huku mwenye eneo akisubiri nje.

Lakini Dodoma pia imeshuhudia upande wa pili. Februari 2008, ndani ya ukumbi wa Bunge la hapahapa, Kamati Teule iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe iliweka mezani ripoti ya mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu Februari 7, na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Mkataba ulipotoka kabatini ukasomwa mbele ya taifa zima, nguvu ya ofisi haikutosha kuuficha tena. Somo hilo linafaa leseni ya aina yoyote, ya umeme au ya kamari.

Kodi na ajira

Upande wa pili una hoja, na inafaa zijibiwe kwa heshima. Michezo ya kubahatisha ni halali Tanzania. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Bodi inayotoa leseni chini ya Wizara ya Fedha, na tangu 2017 kodi yake hukusanywa na TRA. Fedha hizo zinaingia Hazina. Kampuni za kubeti zimedhamini soka letu, Simba na Yanga zikiwamo, na maduka yake yameajiri vijana. Wanaotetea biashara hii husema pia kwamba ikifungwa itahamia gizani, na kwamba mtu mzima ana haki ya kufanya apendavyo na hela yake.

Hoja ya giza ina uzito. Marufuku tupu huwa neema kwa askari mla rushwa. Lakini hiyo ni sababu ya kuifanya biashara iwe wazi zaidi. Haiwezi kuwa sababu ya kuwaacha wakazi nje. Kuhusu kodi, ni lazima tuitazame ilikotoka. Shilingi ya kodi ya kiwanda cha mvinyo inatokana na zabibu iliyolimwa Hombolo, ikakamuliwa, ikauzwa. Kuna kitu kimeongezeka. Shilingi ya kodi ya dubwi inatokana na mfuko wa mtu uliopungua, na sehemu kubwa ya kilichopungua haiendi Hazina, inakwenda kwa mwenye mashine. Halafu gharama za ndoa iliyovunjika, mwanafunzi aliyeacha masomo na bodaboda iliyonyang'anywa hazimo katika ripoti ya makusanyo.

Majirani wameyaona haya. Januari 2019 Rais Yoweri Museveni wa Uganda aliagiza kampuni mpya za kubeti zisipewe leseni, akiwa na wasiwasi juu ya vijana. Julai mwaka huohuo Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti. Hatua zote mbili zilitoka juu na zikazua ubishi, kwa sababu agizo la ghafla la kufunga lina kasoro ileile ya kibali cha ghafla cha kufungua: mwananchi hupata habari baada ya jambo kuisha.

Ridhaa ianzie mtaani

Hapa ndipo palipo na dawa, na haihitaji kuvumbuliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Mzee wa kijijini asiyejua kusoma ana sauti juu ya ekari chache za kijiji chake. Kwa nini mkazi wa Ipagala asiwe na sauti hiyo juu ya nyumba ya kamari inayofunguliwa hatua chache kutoka shule ya mwanawe?

Kwa hiyo mambo manne yanawezekana kufanyika bila kungoja muujiza. La kwanza, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ifanye ridhaa ya mkutano wa wananchi wa mtaa au kijiji kuwa sharti la leseni yoyote ya mahali, kuanzia mashine moja hadi kasino ya hoteli, na muhtasari wa mkutano huo uambatanishwe kwenye maombi. La pili, majina ya waliopewa leseni, wamiliki halisi wa kampuni, namba za mashine na tarehe ya mwisho wa leseni vibandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za mitaa, ili mwenyekiti asiishie kuambiwa kwamba kibali kimetoka juu. La tatu, sehemu ya kodi ibaki katika kata inakotoka, ikasomwe kwenye mkutano wa hadhara kama mapato mengine. La nne, viongozi wenye hisa au ndugu wenye hisa katika biashara hii waseme mapema na wakae kando wakati maamuzi yanapofanyika. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inawataka kutoa tamko la mali na kuepuka mgongano wa masilahi, nasi wapiga kura tuna haki ya kudai sheria hiyo iheshimiwe.

Wapo watakaosema mikutano ya mitaa nayo hununuliwa, kwa soda na nauli. Ni kweli hutokea. Mahakama Kuu ilibidi iitupe takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, nje ya sheria za uchaguzi mwaka 2006 kwa sababu ilikuwa mlango wa rushwa. Lakini kumhonga ofisa mmoja ndani ya chumba na kuwahonga watu 300 chini ya mwembe, mbele ya mashehe, wachungaji na walimu wakuu, si kazi moja. Ya pili ni ghali, ina mashahidi wengi, na haikai siri hata wiki. Dini zetu kubwa zina neno juu ya kamari, Kurani ikiiharamisha waziwazi, na makanisa hayakosi mahubiri juu yake. Mahubiri hayo yakibaki misikitini na kanisani hayamzuii mtoa leseni. Yakifika kwenye mkutano wa mtaa na kuandikwa kwenye muhtasari, yatamzuia.

Wajibu wetu

Sehemu iliyobaki ni yetu wananchi. Mara nyingi tunalalamika kuhusu dubwi kwenye kijiwe cha kahawa, halafu mkutano wa mtaa ukiitishwa tunatuma watoto wakatusikilizie. Wenyeviti waliochaguliwa Novemba 2024 wana wajibu wa kuitisha mikutano, nasi tuna wajibu wa kuijaza. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia ruhusa ya kuandika barua kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi hiyo inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: tunaomba kujua nani ana leseni ya mashine zilizopo mtaani kwetu. Ukiona mtoto anaingizwa humo, au ukiona mtendaji anapokea bahasha ili afumbe macho, namba ya TAKUKURU ni 113 na haitozwi.

Kwa waheshimiwa wabunge, ambao kila mwaka mnakaa Dodoma miezi mitatu ya bajeti mkipitisha makadirio ya Wizara ya Fedha: jiji hili linawapa malazi, chakula na amani. Lipeni fadhila kwa kifungu kimoja cha sheria, kwamba hakuna leseni ya kamari itakayotolewa mahali popote nchini kabla wakazi wa mahali hapo hawajaulizwa hadharani na jibu lao kuandikwa. Wakikubali, biashara iendelee kwa amani. Wakikataa, ikataliwe. Jambo hili lifanyike sasa, kabla ya kibali kingine kushuka kutoka juu.